Mutu Stauti wa Ng'ambo ya Lamia

Beni, Bungulu, tarehe 9 Februari 2025

Kwako Séphora, mwana wa ndugu yangu,

Nakusalimia, wewe na mama yako na bote ba mu nyumba. Huku tuko, tunaamka, tunalala. Binti yangu Abigaïl alizaa mutoto mwanaume, na bote babili biko na afya. Mvua inanyesha mingi. Upande wa Kamango hatuendake tena, kakao inaozea ku miti na hakuna mutu wa kuikata.

Ninakuandikia ku karatasi, hapana ku telefone, juu mu nyumba hii kila mutu anasikiaka. Shofere wa kanisa yetu anashuka Butembo kila juma, atakufikishia barua mukono kwa mukono.

Wewe ni mwalimu wa Kiingereza. Kuko neno moja nataka unielezee. Sikuliona limeandikwa, nililisikia ku kinywa ya mutu, donc naliandika vile sikio yangu ilikamata: stauti. Banasema "mutu stauti". Ni mutu wa namna gani? Uniandikie yote yenye neno ile inaweza kusema, usiache kitu. Na usiniulize ni juu ya nini. Ni neno tu.

Mungu akulinde mu njia zako zote.
Tante yako Kanyere


Butembo, tarehe 16 Februari 2025

Tante yangu mupenzi,

Barua yako nimeipokea, na habari ya mtoto wa Abigaïl imetufurahisha. Mumubusu kwa niaba yetu. Hapa Butembo shule imejaa. Watu waliokimbia kutoka upande wa Lubero wamelala katika madarasa mawili, basi tunafundisha kwa zamu, hawa asubuhi, wengine baada ya saa sita. Mama anakohoa bado. Hazungumzi juu ya kupotea kwa papa wangu, na mimi simuulizi.

Neno lako linaandikwa stout. Kamusi yetu ya shule inaweka kwanza mtu mnene, aliyejaa, mwenye kiuno kipana na tumbo. Lakini si tusi. Waingereza wana neno lingine fupi la kusema mtu ni mnene, na hilo linauma. Mwenye adabu analiacha na kusema stout, kama sisi tunavyosema "mutu mwenye mwili". Wanalitumia zaidi kwa mtu wa makamo, mwanaume ao mwanamke. Kijana haitwi hivyo sana. Tena limezeeka kidogo. Utalikuta vitabuni kuliko midomoni mwa watu.

Maana ya pili ni kitu kigumu kisichovunjika upesi: kamba, fimbo, kiatu cha kutembelea matopeni. Kutoka hapo wanasema pia mtu imara, mwenye nguvu, ao mtu ambaye moyo wake haukimbii. Halafu kuna bia nyeusi yenye jina hilo, lakini sidhani kama mtu alikuja Bungulu kukuambia juu ya bia.

Umeniomba nisiulize, na siulizi. Nitakuambia tu kwamba nilipokuwa naandika ile maana ya kwanza nilimuona tonton Kitsa, bwana yako, vile alivyokuwa akiingia kanisani na mlango wote unajaa, watoto wanangoja nyuma yake. Nikacheka peke yangu mbele ya wanafunzi. Ni siku nyingi sijacheka hivyo.

Mama anakusalimia. Ubaki na amani.
Séphora


Beni, Bungulu, tarehe 30 Machi 2025

Kwako Séphora,

Salamu kwako na kwa mama yako. Kikohozi chake kiko namna gani? Mumupe majani ya mupera, achemushe, anywe ingali moto. Mutoto wa Abigaïl anakula muzuri.

Barua yako ilifika kitambo. Sikujibu. Nisikudanganye kusema ni juu ya ville morte, zile siku banafungaka muji na njia. Njia ilikuwa wazi.

Uliandika munene ya kwanza. Juu ya nini munene ni ya kwanza? Nani aliipanga vile? Kama muzee wa Uganda, mwenye alisomeaka kwa bapadri ba zamani, anasema mutu alikuwa stauti, yeye anaanza na maana gani? Mutu mwembamba, lakini mwenye nguvu ya kubeba magunia mbili ya kakao mara moja, anaweza kuitwa stauti? Jibu ile tu. Mambo ya kamusi nimesikia.

Falonne, ule mama mwenye anauzisha bitenge, alirudia Busunga. Nitakuandikia juu yake siku ingine. Usimwambie mama yako kitu.

Kanyere


Butembo, tarehe 6 Aprili 2025

Tante Kanyere,

Nakusalimia kwa heshima. Mama amekunywa majani, amepata nafuu.

Tante, mimi si mtoto. Mwanaume mwembamba anayebeba magunia mawili ya kakao mara moja, katika ukoo wetu ni papa peke yake. Na Busunga iko ng'ambo, Uganda. Tangu mwezi wa saba wa mwaka jana, tangu papa na tonton Kitsa walipokwenda pamoja shambani na adui, wale waasi wa porini, wakavamia upande ule, hatujapata hata kiatu chao. Wengine walizikwa, wengine walirudi. Wao wawili hapana. Sasa wewe unauliza kama mutu fulani wa ng'ambo alikuwa mnene ao alikuwa na nguvu. Unauliza "alikuwa". Kwa hiyo kuna mmoja aliyekufa, na aliyemuona alitumia neno hilo, na mimi nilikaa hapa na kamusi yangu nikawa nachagua bila kujua.

Ungeniambia. Ni baba yangu.

Nitakujibu ulivyotaka. Ndiyo, mtu mwembamba anaweza kuitwa hivyo, ila ni mara chache. Ukimuambia Mwingereza kwamba fulani ni stout, bila kuongeza lingine, ataona tumbo. Mzee wa Uganda sijui ataona nini. Kila nchi inakivaa Kiingereza kwa namna yake.

Na niseme lile ambalo sikutaka kuandika. Nilipofahamu, nilikwenda kutafuta barua yangu ya kwanza kichwani, nikakumbuka kwamba niliweka mnene mbele. Nikafurahi. Ilikuwa muda mfupi tu, lakini nilifurahi. Kisha nikakumbuka mkono wa tonton juu ya kichwa changu siku niliyopata diplome, nikatoka nje nikakaa nyuma ya jiko mpaka mama akaniita.

Niambie yote.
Séphora


Beni, Bungulu, tarehe 4 Mei 2025

Séphora mwana wangu,

Pole. Nakusalimia na nakuomba usikasirike na mimi. Huku kulikuwa masasi, bunduki zinalia upande wa Beu, siku mbili hatukutoka. Sasa kumetulia.

Ulifurahi. Wasingya, aksanti kwa kusema kweli. Na mimi nikuambie yangu. Niliposoma kwamba neno ile inaweza kuwa mutu wa nguvu, nilishika ile maana na mikono mbili. Unajua maana yake. Sikuli, papa yako, ni muloko wangu, ndugu yangu mudogo. Mama yetu alikufa angali hajatembea. Nilimubeba ku mugongo mpaka watu ba mbali banazania ni mutoto wangu. Nilimutafunia viazi. Na nilikaa hapa ku kitanda nikiomba awe ni yeye mwenye balizika, hapana bwana yangu. Juu ya ile sikuandika. Nilikuwa naogopa mukono wangu.

Mambo yenyewe ni hii. Falonne alikuwa ku soko ya Busunga. Muzee mumoja wa kanisa ya kule, jina yake Siméon, alisikia anatokea Beni, akamukaribia. Alisema balizika mutu wa Congo mwenye alivuka muto Lamia, mbele ya Noeli. Yeye haongee Kinande, Kiswahili chake ni kidogo. Falonne naye Kiingereza chake ni ya kuuzisha bitenge. Alimuuliza mutu alikuwa namna gani. Muzee akaweka mukono ku kifua akasema stauti, stauti. Falonne akajaza hewa mu mashavu, kumuuliza kama ni munene. Muzee akamuangalia tu, akarudilia neno yake. Kiisha motokari ikaita, Falonne akapanda.

Alikuja kuniambia akaniona nimefurahi na nimelia pale pale, akaogopa, hakurudi mpaka nilipomuita.

Unakumbuka namna batu ba Bungulu balikuwa banamusifu Kitsa. Banasema, Kanyere anamulisha muzuri bwana yake. Mwili yake ilikuwa heshima yangu. Nikipita naye ku njia, nilikuwa natembea nyuma kidogo ili bamuone muzima. Na sasa ni ile mwili yenye inanitia woga. Adui hababebi mutu munene mu pori miezi mingi abakie munene. Kama alikuwa munene alipokufa, alikufa mapema. Nilifanya hesabu ile kila siku mpaka nikachoka.

Ungesema juu ya nini sikuenda mwenyewe. Miguu imevimba, ni kweli. Mais kweli ingine ni hii: kama siendi, bote babili bangali biko.

Mwezi wote huu nimefikiri. Enda wewe. Una Kiingereza, na ni baba yako. Falonne atavuka tena mwezi wa sita, nilimuomba, alikubali. Sitaki tena maana. Umuulize ule muzee aliona nani.

Mungu atembee mbele yako.
Kanyere


Kamango, tarehe 15 Juni 2025

Tante yangu,

Nakusalimia kutoka Kamango. Tulifika salama, Falonne ni mzima, mimi ni mzima. Mama nilimwambia nakwenda kusahihisha mitihani Beni. Nimeandika barua hii polepole, na naomba uisome ukiwa umeketi na Abigaïl karibu yako.

Tulivuka siku ya soko. Mzee Siméon tulimkuta nyumbani kwake, nyuma ya kanisa, anamenya maharage na mke wake. Ni mtu mfupi, miwani yake imefungwa na uzi. Nilipomsalimia kwa Kiingereza alisimama, akaniletea kiti, akamuangalia Falonne kama mtu aliyemngoja siku nyingi.

Nilikuwa nimepanga maswali. Yote yalinitoka. Nilimuuliza tu yule mtu alikuwa na mwili gani.

"Alikuwa mwembamba sana," akasema. "Mifupa na ngozi."

Tante, nilikaa chini. Sikukaa kwenye kiti, nilikaa chini. Falonne hakufahamu maneno lakini alifahamu, akanishika mabega. Nilikuwa nawaza namna ya kumwambia mama. Baadaye nikamuuliza yule mzee, na nafikiri nilimuuliza kwa hasira, kwa sababu gani basi alimwambia huyu mama kwamba mtu alikuwa stout.

Alishangaa. Alisema hakusema juu ya mwili. "Nani atamsifu maiti kwa mwili wake? Nilisema juu ya moyo wake. Mwenzako alichukua neno moja akaondoka nalo." Kisha akaweka mkono kifuani, vile Falonne alivyokuambia. Alisema padri aliyewafundisha utotoni ndivyo alivyowafundisha kulitumia: mtu stout ni yule ambaye moyo wake haukatiki. Ile maana ya unene anaijua, ila kwake iko nyuma.

Akanieleza. Vijana waliokuwa wanachota maji walimuona mtu anatoka mtoni amebeba mwanamke mgongoni. Mwanamke alikuwa amevunjika mguu. Mwanaume alikuwa na risasi ubavuni, na alikuwa amevuka mto wote nayo. Alimuweka mwanamke kwenye majani, akamrekebishia mguu usije ukagonga jiwe, ndipo akaanguka. Walimpeleka kanisani kwa sababu ni karibu. Aliishi mpaka kesho yake. Alikuwa anaongea Kinande, wao walikuwa wanashika neno hapa na pale. Jina lake hawakulisikia vizuri, na mwanamke naye hakulijua, kwani porini watu hawakuambiana majina.

Nilimuuliza kama wana kitu chake. Mke wa Siméon aliingia ndani, akarudi na suruali. Walikuwa wameifua na kuikunja, waliiweka kwa ajili ya siku ambayo ndugu atakuja. Kiunoni ilikuwa imekunjwa mara nyingi na kufungwa na kamba ya porini, kama gunia. Niliifungua. Ilikuwa suruali pana, tante. Na nyuma, kati ya mishono, kulikuwa na kile kipande cha kitambaa cha bluu ambacho wewe mwenyewe uliongeza ilipoanza kumbana.

Ni tonton Kitsa. Pole sana. Pole, mama yangu.

Uliniambia yako, basi na mimi nisifiche. Nilipoona ile bluu nilivuta pumzi. Kisha nikalia mpaka yule mke wa mzee akaacha maharage na kuja kukaa nami.

Kaburi liko pembeni ya kanisa, limezungushiwa mawe, limefyekwa vizuri. Msalaba haukuwa na jina. Nililitamka, Siméon akaliandika kwanza kwenye kiganja chake asikosee, halafu akaliandika msalabani na rangi. Tuliomba kwa lugha tatu.

Yule mwanamke yuko hai. Anaitwa Jokébed, ni wa hapa Kamango, na ni nyumbani kwake ninapoandika. Anatembea na fimbo. Nilimuuliza juu ya papa. Kwanza aliniuliza kama nimekula, akanipa chakula. Nilipomaliza ndipo akasema.

Walikuwa pamoja wote wawili. Walifanywa wabebe mizigo ya adui porini. Tonton alipoanza kuisha mwili, papa alikuwa anaichukua mizigo yake juu ya ya kwake, wakati hawaangaliwi. Usiku tonton alikuwa anaimba ile sauti yake ya chini ya kwaya, kidogo sana, papa anamwambia anyamaze, na hanyamazi. Kisha siku moja waliwagawanya. Waliokuwa na nguvu walipelekwa upande wa Ituri. Papa alikuwa kati yao.

"Nilimuona mugongo," Jokébed alisema. "Alikuwa anatembea. Kiisha pale sijui, mwanangu, na siwezi kukudanganya."

Wengine waliletwa upande wa mpaka. Siku ya mvua kubwa walinzi walijificha, tonton akamwambia Jokébed apande mgongoni. Jokébed alikataa, akamwambia akimbie peke yake. Tonton aliinama tu akangoja. Walipigwa risasi walipoingia tu majini.

Hayo ndiyo niliyopata. Suruali nitakuletea kwa mkono wangu.

Nakulilia nikiwa huku.
Séphora


Beni, Bungulu, tarehe 29 Juni 2025

Mwana wangu Séphora,

Nakusalimia na mama yako. Kutoka siku uliacha suruali ukarudia kazi yako, nyumba haijakosa batu. Balileta makaa, ndizi, viti bya kanisa. Pasta alihubiri muzuri. Bakwimbaji balikuja bote, na fasi ya Kitsa baliiacha wazi, hakuna mwenye alisimama pale.

Batu banasema, alikuwa mutu munene, mutu wa kujaa, Mungu amupokee. Mimi nabaambia hapana, alikufa mwembamba. Habapendi kusikia. Banazania ni huzuni inanichanganyisha. Mais nataka bajue. Kama habajue namna alikonda, habatajua ni kitu gani alibeba mu ile maji.

Nikuambie kitu yenye inanitia haya. Nalala. Tangu mwaka muzima sikulala, na sasa nikiweka kichwa chini, usingizi inakuja. Asubui naamka najua bwana yangu iko fasi gani. Ni kaburi, mais ni fasi. Kiisha nakukumbuka wewe na mama yako, na ile usingizi inakuwa kama kitu niliiba.

Bamoja ba mu jamaa balikuja kuniuliza kama haifae tumulilie na Sikuli mara moja, matanga iwe moja, iishe. Banasema njia ya Ituri hakuna mwenye anarudiaka. Walikuwa na sauti ya mapendo, sikuwakasirikia. Niliwakatalia. Nilibaambia balimuona anatembea. Mimi ndiye nilimufundisha kutembea, na siwezi kumuzika mutu balimuona ku miguu yake.

Sijui kama ni hai. Sikuandikie ya kukutuliza. Usiku mingine naamini, usiku mingine hapana.

Donc wewe na mama yako musivae nyeusi. Mukifunga shule, mukuje huku. Mama yako umwambie kweli yote mbele ya kutoka, asiisikie ku njia. Nimetoa vitu vya Kitsa mu chumba ya nyuma, kuko kitanda kubwa na dirisha ya kuangalia barabara.

Mimi nimemaliza kungoja. Wewe ungali, na sitaki ungoje peke yako.

Tante yako,
Kanyere